Aliitika Mara Kumi na Moja

Mbwana aliigeuza ile tableti mara tatu mikononi, kama anavyogeuza ubao kabla ya kuupiga randa, kisha akaigonga mgongoni kwa ukucha. Ikalia kama kopo.

"Usiigonge, mzee wangu," alisema Kaingu, fundi wa simu mwenye kibanda karibu na soko la Likoni. "Si nazi hiyo."

"Nataka kujua kama ni nzima."

"Ni mpya. Nimeitoa kwenye sanduku lake wewe ukiwa umesimama papo hapo."

"Basi mbona yauzwa elfu tisa na mia tano, na ile yenye alama ya tofaa yauzwa elfu sitini?"

Kaingu aliweka bisibisi chini. Alikuwa mkweli kadiri biashara yake ilivyomruhusu, na siku ile alimwonea haya mtu huyu mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Nitakwambia bila kukuficha. Kioo cha ile ya tofaa kikiguswa na unyoya kinasikia. Hiki lazima ukibonyeze ukimaanisha. Spika yake ni ndogo, sauti hutoka kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Chaji itakaa saa nne, ile nyingine saa kumi. Na baada ya miaka miwili ikiharibika, usiniletee. Lakini kazi unayoitaka wewe, picha ziwe kwenye kioo, mtoto aguse, sauti itoke, hiyo itafanya. Ile ya elfu sitini nayo itafanya hiyo hiyo."

"Hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo. Ila kwa madaha."

Mbwana akacheka, akalipa.

Alikuwa fundi wa makochi huko Mtongwe, na fedha zile zilikuwa malipo ya kochi zima la watu watatu. Mtoto aliyenunuliwa tableti ni Israa, binti yake wa pili, mwenye umri wa miaka minane. Miguu ya Israa haikumtii tangu azaliwe, mkono wake wa kushoto ulijikunja kifuani, na ulimi wake haukuwahi kutoa neno. Masikio yake hayakuwa na kasoro, wala akili yake. Ukitaka kujua nani amepita uchochoroni na amepita na nani, utazame uso wa Israa.

Kulikuwa na kituo kimoja huko Nyali kilichofundisha watoto kama yeye kusoma na kuandika, kwa fedha za wafadhili. Kila mwaka kilichukua watoto sita tu, na kila mtoto alijaribiwa kwanza ili ionekane kama aweza kujibu kwa picha. Israa alipewa siku yake kwa barua, wiki tatu mbele. Mwishoni mwa barua kulikuwa na sentensi moja ambayo Mbwana aliisoma mpaka akaijua kwa moyo: Mtoto aje na kifaa chake cha mawasiliano.

Nasreen alifika Jumapili na keki ndani ya sanduku la plastiki. Alikuwa dada mkubwa wa Jalila, mkewe Mbwana, na ameolewa Nyali na mwenye duka la vigae. Aliketi kwenye kochi ambalo Mbwana alilitengeneza kwa vitambaa vilivyobaki vya wateja, kila mto na rangi yake, akaitazama ile tableti mpya juu ya meza.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo, shemeji," alisema Mbwana.

"Wallahi mwamwonea mtoto." Akafungua mkoba wake, akatoa ya kwake, nyembamba, yenye alama ya tofaa, akailaza kando ya ile nyingine. Kwa kweli zilipolala pamoja hazikufanana hata kidogo. Moja ilikuwa kama kioo cha bibi harusi, na nyingine kama kifuniko cha sufuria. "Nimemwambia mwanangu aniwekee ile programu wanayotumia kule kituoni. Ya kujaribu, ya siku thelathini. Ukitaka kuinunua, yauzwa zaidi ya hiyo mashine yenu mara tatu. Israa, mwanangu, guza hapa."

Israa alinyoosha kidole chake cha kulia kinachotetemeka. Hata hakijafika vizuri, kioo kikaitikia. Sauti ya mtoto wa Kizungu, safi kama kengele, ikasema kwa Kiingereza kuwa inataka maji.

Israa akageuza shingo kwa taabu, akatazama nyuma ya ile mashine kuona ni nani anayesema.

Fairuz, dada yake wa miaka kumi na sita, akaangua kicheko. "Amtafuta huyo mzungu, mama! Adhani amekuja na khala Nasreen."

"Cheka," alisema Nasreen. "Siku ya mtihani utaona nani atakayecheka. Shemeji, nisikize. Ichukueni hii. Mtanirudishia baadaye."

Jalila alimtazama mumewe. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuipokea.

"Ahsante sana, shemeji," alisema Mbwana taratibu. "Lakini siku ile ikipita, wewe utarudi na kitu chako Nyali. Naye afanye nini? Awe na mdomo wa kuazima?"

"Bora wa kuazima kuliko huo wako wa bati."

"Wa bati, lakini hauombi maji kwa Kiingereza. Nyumba hii hatuna mtu aombaye maji kwa Kiingereza."

"Hayo ni maneno, Mbwana. Wewe na maneno."

"Ndiyo tunayoyatafuta, shemeji. Maneno."

Nasreen alirudisha kitu chake ndani ya mkoba na kufunga zipu. Keki aliiacha. Jalila alimsindikiza mpaka barabarani, na aliporudi alipita mbele ya mumewe kama mtu apitaye mbele ya mlango wa jirani.

Programu aliyoitia Kaingu ilikuwa ya bure na haikuwa na sauti yake yenyewe. Ilikuwa na vyumba kumi na viwili vya picha, na kila chumba kilingoja mtu akisemee. Fairuz ndiye aliyesema. Alijifunika leso mbili kichwani pamoja na tableti ili kelele za tuktuk zisiingie, naye Jalila akasimama nje ya leso akitoa amri kama mkurugenzi wa redio.

"Sema 'nataka mai'."

"Mama, shuleni twaambiwa tuseme maji."

"Kwani anaomba shuleni? Sisi hapa twasema mai. Sema mai."

Wakatia mai, na choo, na naumwa, na nataka, na sitaki, na mama, na baba, na mengine matatu, na tena. Katika ile "tena" jogoo wa jirani aliingilia na kuwika, na Fairuz alipotaka kuirudia, Israa alitikisa kichwa kukataa. Tangu siku hiyo akibonyeza "tena" alitaka jogoo tu, akabonyeza na kubonyeza mpaka Mbwana akasema yule jogoo sasa alipwe mshahara.

"Kimebaki chumba kimoja," alisema Fairuz ndani ya leso, jasho likimtoka. "Nitie 'ndiyo'?"

"Ngoja," alisema Jalila. "Mtoto wa kike akiitwa mbele ya watu anyamaze? Atasemwa hakufunzwa. Tia 'abee'."

"Na ndiyo?"

"Ndiyo atasema kwa kichwa, kama siku zote. Tia abee, na uiseme kwa adabu, si kama unavyoniitikia mimi."

Mbwana naye alikuwa na kazi yake. Aliona kuwa kioo cha bei rahisi kilitaka kubonyezwa kwa nguvu, na kidole cha Israa kikiwa na nguvu huteleza kikagusa picha ya pili. Akachonga fremu ya ubao mwembamba, akaitoboa matundu kumi na mawili, tundu moja juu ya kila picha, akaizungushia sponji na ngozi ya bandia pale mkono unapoegemea. Kidole kikiingia tunduni hakina pa kuteleza. Ilimchukua siku nne, na katika siku hizo mteja mmoja alikuja mara mbili kuulizia kiti chake akaondoka akinung'unika.

Siku ya tano Jalila alikuwa jikoni akisukuma chapati. Akaita kwa mazoea tu, kama alivyokuwa akiita kwa miaka minane bila kungoja jibu.

"Israa!"

"Abee."

Jalila alisimama. Akatoka mpaka mlangoni na kisukumio mkononi. Mtoto alikuwa ameketi penye kiti chake, kidole kikiwa bado ndani ya tundu, akimtazama mama yake na kungoja kuambiwa alichoitiwa.

"Nimekuita," alisema Jalila. "Nimekuita... Nimesahau. Nimekuita tu, mamangu."

Akarudi jikoni, akaita tena. Akaitikiwa tena. Mchana ule majirani walipita mmoja mmoja mlangoni kuita jina hilo, na kila aliyeita aliitikiwa, na jioni tableti ikazimika kwa kuishiwa chaji.

Chumba cha majaribio kilikuwa na baridi ya mashine. Kulikuwa na meza ndogo, kamera juu ya miguu mitatu, na kiti kimoja nyuma kwa mzazi mmoja. Mbwana ndiye aliyeingia kwa kuwa yeye ndiye ajuaye kuiwasha tableti ikigoma. Jalila alibaki nje kwenye benchi la askari wa lango.

Mwalimu aliitwa Margret. Alikuwa mtu wa bara, mwenye miaka thelathini na kitu, na sauti ya upole. Aliinama akaitazama ile fremu ya ubao.

"Hii umetengeneza wewe mwenyewe, baba Israa?"

"Mimi mwenyewe."

"Ni kazi nzuri sana," alisema, na alimaanisha. Mbwana akafurahi kama mtoto. "Sasa, utakaa pale nyuma. Sheria ni moja tu. Usiseme chochote. Ukimsaidia hata kwa kukohoa, jaribio linafutwa. Na mtoto akibonyeza kabla swali halijaisha, tunaanza swali upya. Sawa?"

"Sawa, mwalimu."

Margret aliweka mbele ya mtoto kadi yenye picha ya glasi ya maji. Akaita, kisha akanyamaza kidogo ili mtoto amtazame.

"Israa."

Kidole kikaingia tunduni. Mashine ya baridi ilikuwa ikivuma, spika ilikuwa ndogo, na neno la Fairuz lilitoka limekatika kichwa: "Bii."

Margret alingoja. Akaandika kitu. Akaiinua kadi na kuiweka tena.

"Israa."

"Bii."

Mara ya tatu ndipo Mbwana alipofahamu. Mtoto ameitwa. Mtoto aliyeitwa huitika, kisha hungoja aambiwe alichoitiwa. Israa aliitika, akainua macho, akangoja. Na mwalimu naye alingoja, kalamu mkononi, mtoto amalize kuchezea mashine ndipo amuulize. Kila mmoja alikuwa akimngoja mwenziwe kwa adabu zake.

"Israa."

"Bii."

Mara ya saba Mbwana hakuweza. "Mwalimu," alisema, "anakuitika."

Margret aliinua kiganja bila kugeuka. "Mzazi, tafadhali. Mara nyingine nitalazimika kusimamisha."

Mbwana akafunga mdomo. Alikuwa mtu aliyejua kubishana na wateja, na wauza mbao, na shemeji yake, lakini hakuwahi kubishana na mtu aliyeshika kalamu. Aliishika mikono yake miwili katikati ya magoti. Israa aliitwa mara ya nane, akaitika. Aliitwa mara ya tisa, akaitika. Ya kumi, mate yalikuwa yamemshuka mpaka kwenye fremu na hakuna aliyemfuta. Ya kumi na moja alibonyeza kwa nguvu zake zote hata meza ikasogea, kisha akageuza shingo polepole, kwa taabu ile ile yake, akamtazama baba yake.

Margret akalaza daftari lake juu ya tableti. Akatikisa kichwa kidogo, kwa huruma.

"Asante, Israa. Tumemaliza."

Karatasi ilitolewa dirishani na karani aitwaye Velma. Iliandikwa kuwa mtoto hubonyeza kitufe kimoja bila kujali swali, kuwa kifaa hakifai, na kuwa wazazi washauriwe kununua kifaa kilichomo kwenye orodha. Orodha ilibanwa nyuma. Cha kwanza kilikuwa kile cha tofaa, na cha pili programu yake.

"Nikija na hiki cha orodha, atajaribiwa lini?" aliuliza Mbwana.

"Mwakani, mzee." Velma aliichungulia tableti kwapani mwa Mbwana. "Hizo ndogo ndogo tunaziona kila siku. Mnapoteza pesa bure."

Nje, Jalila alisimama alipomwona. Alisoma uso wake kwanza, kisha akauliza.

"Vipi?"

"Aliitwa, akaitika."

"Kisha?"

"Akaitwa tena."

"Kisha?"

"Akaitika tena. Yule mwalimu hajui abee. Alidhani anachezea mashine."

Jalila alimtazama mtoto, aliyekuwa amelala begani kwa baba yake macho wazi.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nyuma yake."

"Nyuma yake ukifanya nini?"

Askari wa lango aligeuza uso akajifanya anatazama magari.

"Niliambiwa nisiseme," alisema Mbwana.

"Mtoto asiyekuwa na ulimi amesema," alisema Jalila. "Aliye nao akaambiwa asiseme, akanyamaza."



Nasreen alipiga simu jioni. Jalila alisikiliza muda mrefu, akasema "ndiyo, dada" mara nyingi, akakata. Hakueleza alichoambiwa, na Mbwana hakuuliza, kwa kuwa sauti ya Nasreen haikuhitaji spika kubwa.

"Tungelichukua ile yake," alisema Jalila, akikunja leso juu ya paja lake. "Ingelisikika vizuri hata kwenye baridi ile."

Mbwana alikuwa amekwisha kulifikiria hilo njia nzima, na alikuwa amelifikiria mpaka mwisho wake, ambao ulikuwa mchungu zaidi kuliko alivyojua Jalila. Katika ile ya Nasreen hamkuwa na abee. Israa angeliitwa, angelinyamaza, mwalimu angelisema swali lake mpaka mwisho, na mtoto angeligusa maji kwa kidole chepesi. Angelifaulu. Bati lao lilishindwa kwa spika, hilo ni kweli, lakini pia lilishindwa kwa sababu lilikuwa na neno moja zaidi. Hakumwambia mkewe. Neno hilo lilikuwa lake Jalila.

Siku zilizofuata waliona jambo. Israa alikuwa bado akibonyeza tena, akicheka na jogoo. Alibonyeza mai. Alibonyeza baba. Lakini ukiita "Israa!", alikuwa akiutoa mkono wake tunduni na kuuficha chini ya paja. Jalila alimwita akiwa jikoni, akamwita akiwa uani, akamwita kwa sauti ya kubembeleza akiwa amepiga magoti mbele yake. Mtoto alimtazama, na mkono ukabaki pale pale.

"Labda ni sauti yangu," alisema Fairuz usiku mmoja wakila. Macho yalikuwa yamemwiva. "Labda niliisema vibaya. Niifute, baba, nitie ndiyo?"

"Usifute."

"Lakini haitumii."

"Nimesema usifute."

Fairuz akaondoka na sahani yake, akaenda kulia uani.

Zilipita siku ishirini na tatu. Mbwana alikuwa barazani akijaza sponji kwenye kochi la mtu wa Changamwe simu ilipolia.

"Baba Israa? Ni mwalimu Margret, wa Nyali."

Akasimama, kama kwamba yule mtu aweza kumwona.

"Baba Israa, sijui nianzie wapi. Hapa kituoni kuna mama anaitwa Dhahabu, anatusafishia. Juzi nilikuwa natazama zile video kwa ajili ya ripoti, yeye akiwa anapiga deki. Akaniuliza, 'Mwalimu, mbona mtoto anakuitika na wewe humwambii neno?' Akanieleza abee ni nini. Nimeitazama tena yote, mara kumi na moja zote. Nimefundisha Pwani miaka minne, baba Israa. Nimeaibika."

"Haidhuru," alisema Mbwana, ingawa ilidhuru.

"Kuna familia moja imehamia Malindi. Nafasi yao iko wazi. Nimezungumza na mkurugenzi, amekubali Israa aingie bila kujaribiwa tena, na kwa tableti yake hiyo hiyo. Gari litamchukua pale feri Jumatatu. Lakini lazima nijaze fomu leo, kabla ya saa tisa, na imebaki jambo dogo. Sisi huwa tunamuuliza mtoto mwenyewe. Ni utaratibu wetu."

Mbwana alimwita mkewe kwa kelele mpaka mke wa jirani naye akatoka. Jalila alikuja mikono ikiwa na unga mpaka kwenye viwiko. Aliposikia, alipiga magoti hapo hapo barazani. "Alhamdulillahi," alisema, "alhamdulillahi," akamfuta Israa mdomo kwa pindo la leso, akampaka unga shavuni bila kujua.

Simu ikawekwa kwenye sauti kubwa, kando ya ile tableti.

"Israa," alisema Margret ndani ya simu. Safari hii aliita kisha akangoja, kama inavyompasa mwitaji.

Mkono wa Israa ulikuwa chini ya paja. Aliitazama simu kama mtu amtazamavyo mbwa aliyewahi kumng'ata. Mkono haukutoka.

"Mwanangu," alisema Mbwana, akachutama mbele yake. "Ni yule mwalimu wa Nyali. Ataka uende ukasome kwake. Wataka?"

Mkono ukatoka. Ulitetemeka juu ya matundu, ukapita la kwanza, ukapita la pili, kidole kikaingia, kikabonyeza kikimaanisha.

"Sitaki."

Sauti ya Fairuz ilitoka ndani ya kile kisanduku cha elfu tisa na mia tano, na hapakuwa na mashine ya baridi ya kuizuia. Ilisikika barazani, ilisikika kwa jirani, na ilisikika Nyali.

"Hajaelewa," alisema Jalila upesi. "Muulize tena. Muulize vizuri."

Mbwana akamuuliza vizuri. Akamwambia kuna vitabu. Kuna watoto wenziwe. Kuna gari, atakaa dirishani. Atajua kuandika jina lake. Hata hajamaliza, kidole kilikuwa kimekwisha kuingia.

"Sitaki."

Kisha Margret akasema kwa sauti ya chini, "Baba Israa. Labda amebonyeza tu. Watoto hubonyeza. Ukiniambia wewe mzazi kwamba amebonyeza tu, mimi nitaandika amekubali, na Jumatatu gari litakuja."

Jalila alimshika mumewe mkono, unga ukabaki kwenye mkono wa shati. Alinong'ona. "Mwambie amebonyeza tu. Baba Fairuz, nakuomba. Ni mtoto, ajua nini? Akifika kule atazoea, mwezi mmoja tu atazoea. Mwambie."

Mbwana alijua kuwa mkewe asema kweli. Mtoto angelizoea. Angelijifunza kusoma, na siku moja angelisoma mwenyewe yale mabango ya barabarani ambayo sasa huyatazama tu. Na nafasi kama hii haikuwa ikining'inia kila mwaka. Neno lenyewe halikuwa zito, "amebonyeza tu", mtu aweza kulisema akitoa kikohozi. Lakini Israa alikuwa amegeuza shingo. Alikuwa akimtazama baba yake, akingoja kusikia atakalosema juu yake.

"La, mwalimu," alisema Mbwana. "Hakubonyeza tu. Amesema."

Jalila aliuachia mkono wake.

"Naelewa," alisema Margret. Ilisikika karatasi ikifunuliwa. "Kuna tatizo, baba Israa. Hii fomu ina sehemu mbili tu za kutia alama. 'Mtoto amekubali', au 'mzazi amekataa'. Hakuna... hakuna sehemu ya mtoto kukataa."

"Si ulisema mwamuuliza yeye?"

"Tunamuuliza, ndiyo."

"Na akijibu, mwaandika wapi?"

Jalila alikuwa amesimama, mikono yake ya unga imening'inia mbali na nguo, na Mbwana alijua bila kumtazama kwamba ataingia ndani, na kwamba maneno mawili yatakayoandikwa leo ndiyo atakayoambiwa katika nyumba hii mpaka siku ya kufa kwake, na Nasreen pia, na kila atakayeuliza mtoto ilikuwaje.

"Niandike nini, baba Israa? Saa tisa inafika."

"Andika mzazi amekataa."

"Na jina la mzazi?"

"Mbwana Suleimani Mwinyi," alisema, kisha akalitaja jina lake herufi moja moja, polepole, lisije likakosewa.